Sikio Limegoma: Namna ya Kujua Sauti Imekwama Wapi

Kwenye maduka ya dawa ya Moshi na Arusha ombi huwa moja: "Naomba dawa ya masikio." Muuzaji hutoa kichupa cha matone, mteja akalipa na kuondoka. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu sikio lenye nta, sikio lenye maji nyuma ya ngoma na sikio ambalo neva yake imepata hitilafu usiku wa jana yote humfanya mwenyewe aseme "limeziba". La kwanza linaweza kusubiri wiki nzima. La tatu ni la kukimbizwa hospitali leo. Mwongozo huu unafuata malalamiko yanayorudiarudia. Kila lalamiko lina sababu zake, kuanzia iliyo ya kawaida zaidi. Ukikuta maneno "Acha hapo", acha kujitibu uende hospitali.

Kabla hujatia kitu chochote sikioni

Sauti ina njia na ina mapokezi. Njia ni tundu la sikio, ngoma ya sikio, kisha vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake milimita 3 hivi. Mapokezi ni koklea, mrija wenye majimaji uliojiviringa kama gamba la konokono. Ukinyooshwa haufiki sentimita 4. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama 3,500 za safu ya ndani na 12,000 za safu za nje. Zinageuza mtikisiko kuwa umeme, na neva inaupeleka ubongoni.

Hitilafu ya njia mara nyingi hutengenezeka. Hitilafu ya mapokezi mara nyingi haitengenezeki, na zile chache zinazotibika zinataka dawa mapema. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: sauti imekwama njiani au kwenye mapokezi?

Jaribio lake halina gharama. Kaa mahali patulivu, funga mdomo, vuma "mmmm" kwa sauti nzito, usikilize mvumo unavutwa upande gani. Ukivutwa kwenye sikio bovu, kasoro huenda iko njiani. Ukivutwa kwenye sikio zima, shuku mapokezi. Mvumo wa mdomo hufika koklea kwa kupitia mifupa ya fuvu, haupiti tunduni, kwa hiyo sikio lililozibwa njiani huusikia kwa nguvu zaidi. Ukitaka kuamini, ziba sikio lako zima kwa kidole huku unavuma, utausikia ukihamia upande huo. Ernst Heinrich Weber, Mjerumani, aliieleza hali hii mwaka 1834, na mpaka leo daktari wa masikio, pua na koo huweka uma wa sauti katikati ya paji la uso akauliza, "Unasikia upande gani?"

Jaribio hili lina mipaka. Masikio yote mawili yakiharibika sawasawa, mvumo hubaki katikati na haukuambii kitu. Litumie kuamua uharaka, si kujitibu.

"Sikio moja limeziba"

Sababu ya kawaida kabisa ni nta. Mara nyingi huanza baada ya kuoga, kwa kuwa nta kavu hunyonya maji ikavimba, au baada ya mtu kuchokonoa kwa kijiti cha pamba, kiberiti, funguo au unyoya wa kuku. Ngozi ya tundu la sikio hukua ikielekea nje, kutoka kwenye ngoma hadi mlangoni, na huibeba nta taratibu. Sikio linajisafisha lenyewe. Kijiti kinachofanya ni kuirudisha nta ndani na kuishindilia kwenye ngoma. Mtu huona ncha imetoka na rangi ya kahawia akaridhika, kumbe sehemu kubwa ameisukuma nyuma.

Ikiwa mvumo umevutwa upande uliozibwa, hakuna maumivu, hakuna usaha na ngoma yako haijawahi kutoboka, dondoshea mafuta safi ya mzeituni yenye uvuguvugu wa mwili. Matone matatu hadi matano, lala kwa ubavu dakika tano, asubuhi na jioni kwa siku tatu hadi tano. Siku ya kwanza sikio linaweza kuziba zaidi kwa kuwa nta inalainika, usishtuke. Lisipofunguka, nenda likasafishwe kituo cha afya. Mwambie anayesafisha kama una kisukari, kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa sikio, au kama hilo ndilo sikio pekee linalosikia, kwani katika hali hizo maji ya bomba la sindano hayafai. Maji yenyewe yawe na joto la mwili, nyuzi 37. Ya baridi au ya moto huamsha mfumo wa mizani ulioko jirani na koklea, na chumba kizima kikaanza kuzunguka. Robert Bárány aliugeuza usumbufu huo kuwa kipimo cha kitaalamu akapewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1914.

Inayofuata ni mafua. Kuna mrija unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati, na kazi yake ni kusawazisha hewa pande mbili za ngoma. Mafua yakiuvimbisha, ngoma huvutwa ndani na sauti zote husikika kwa mbali. Kumeza mate, kutafuna na kupiga miayo husaidia, na hali hutulia yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Mtu mzima ambaye sikio moja limebaki limeziba wiki baada ya wiki, hasa akitokwa damu puani au akiwa na uvimbe shingoni, aonwe na bingwa. Nyuma ya pua kunaweza kuota uvimbe mbaya, na dalili yake ya kwanza inaweza kuwa hiyo tu.

Kwa watoto fikiria kitu kilichoingizwa. Haragwe au punje ya mahindi usiitie maji, itavimba na kukwama. Mdudu aliye hai unaweza kumtuliza kwa mafuta vuguvugu, ilimradi ngoma haina tundu, kisha nenda akatolewe. Betri ndogo ya duara, ya saa au ya mwanasesere, ni dharura. Huunguza nyama ndani ya saa chache, na tone lolote la maji au mafuta huongeza madhara. Usijaribu kuitoa, ondoka nyumbani sasa hivi.

Ya mwisho kwa wingi, na ndiyo iliyonifanya niandike, ni neva na koklea kuzimika ghafla. Mtu huamka asubuhi sikio moja limekufa. Pengine kuna mlio, pengine kizunguzungu kidogo, maumivu hakuna. Kwa kuwa haliumi, husema ni nta au ni upepo wa usiku, hudondoshea mafuta na kungoja. Madaktari huita hali hii upotevu wa ghafla wa kusikia unapotokea ndani ya saa 72, na tiba iliyozoeleka ni dawa za kundi la steroidi. Dawa hizo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza siku za mwanzo. Zikipita wiki mbili, matumaini hupungua sana.

*Acha hapo:* sikio limezimika ghafla na mvumo unavutwa upande wa sikio zima. Usidondoshe chochote, usingoje Jumatatu. Nenda hospitali ya KCMC ukiwa Moshi, au hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, ukiwa Arusha, na useme wazi: "Nimepoteza kusikia ghafla, tangu siku fulani." Ukisema tu "sikio limeziba" utapangwa foleni ya nta.

"Masikio yanalia"

Wengine husikia nyenje, wengine filimbi, wengine mvumo wa jokofu. Mlio huu haupo nje. Wataalamu wengi wanaueleza hivi: koklea ikipunguza taarifa inazopeleka, ubongo huongeza usikivu wake ili kufidia, na tunachosikia ni shughuli za mfumo wenyewe.

Kelele ndiyo sababu kuu, hasa kwa vijana. Nenda karakana yoyote mtaani Unga Limited, Arusha, uone fundi anavyokata nondo kwa grenda, miwani ya kinga amevaa, masikio wazi. Grenda kwenye chuma hukaribia desibeli 100. Kanuni ya usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda hupungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15 kwa siku nzima. Mashine za kusaga, misumeno ya mbao na drili za wanaapolo, wachimbaji wa kule Mererani, zote ziko kundi hilo, na mgodini huongezeka mlipuko wa baruti ndani ya tundu jembamba. Kipimo chepesi: ikiwa lazima upaze sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, hapo pana kelele za kuharibu.

Mlio unaokuja baada ya shughuli ya usiku kucha mbele ya maspika na kwisha asubuhi watu huuchukulia poa. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Marekani, waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa 2. Baada ya siku chache vipimo vya usikivu vilirudi kawaida. Walipochunguza koklea, karibu nusu ya viunganisho kati ya seli na neva, katika maeneo ya sauti nyembamba, vilikuwa vimekatika na havikurudi. Hao ni panya, na kwa binadamu kupima jambo hili akiwa hai ni kugumu. Mimi naona inatosha kumfanya fundi anunue vizibo vya masikio vya sponji. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na anachokilinda.

Sababu ya pili ni dawa. Kwinini huleta mlio na uziwi wa muda, na kwa kawaida hutoweka dawa ikiisha. Aspirini kwa dozi kubwa hufanya vivyo hivyo. Sindano za jentamaisini, streptomaisini, kanamaisini na amikasini ni jambo jingine, maana huua seli zenye vinyweleo, zikianza na zile za sauti nyembamba. Baadhi ya watu wamerithi kwa mama badiliko la vinasaba linalofanya hata dozi chache ziwadhuru. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu waliotibiwa miaka ya nyuma wanalijua hili vizuri, na ni faraja kwamba tiba hiyo imehamia kwenye vidonge. Kama uko kwenye sindano hizo na masikio yameanza kulia, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Usijikatie dawa mwenyewe, kwa kuwa ugonjwa wenyewe unaweza kukuua.

Nta nayo huleta mlio, na umri pia. Usiku mlio huonekana mkali kwa sababu hakuna sauti nyingine ya kushindana nao. Redio ya chini chini au feni husaidia usingizi kuliko kukaa kimya ukiusikiliza.

*Acha hapo:* mlio wa sikio moja tu usioisha, mlio unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, au mlio uliokuja na uziwi wa ghafla.

"Nakusikia, ila sikuelewi unachosema"

Hili ni lalamiko la wazee, na ndilo linaloleta ugomvi mwingi nyumbani. Bibi analalamika kwamba wajukuu wananung'unika. Wajukuu wakipaza sauti anasema, "Msinipigie kelele, mimi si kiziwi." Wao wanaona anasikia anachotaka. Bibi anasema kweli mara zote mbili.

Georg von Békésy, aliyezaliwa Budapest na kupewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1961, alionyesha kwamba sauti husafiri ndani ya koklea kama wimbi, na kila sauti hufikia kilele mahali pake: nyembamba karibu na mlango, nzito mwishoni kabisa. Umri na kelele huanza kuharibu karibu na mlango. Sasa irabu zetu, a, e, i, o, u, zina nguvu na zimekaa zaidi upande mzito, lakini s, f, sh na ch ni dhaifu na zimekaa upande mwembamba. Bibi husikia kuwa umesema, ila kufuta na kusuta kwake ni kimoja. Tena seli za safu za nje, ambazo kazi yake ni kukuza sauti ndogo, zikifa, sauti ndogo hupotea lakini kubwa hubaki kubwa vilevile. Nafasi kati ya "sisikii" na "unaniumiza" huwa finyu.

Anza na ukaguzi mwepesi: nta, maana wazee wengi wanayo. Kisha badili namna ya kuongea. Mkabili, uso wako uwe kwenye mwanga, zima televisheni, sema polepole bila kupayuka, na asipoelewa usirudie neno lile lile, sema kwa namna nyingine. Hayo hufanya kazi siku ya kwanza.

Halafu mpeleke akapimwe kwa mashine, kila sikio peke yake, na aandikiwe shimesikio, kifaa cha kuvaa sikioni cha kusaidia kusikia, lililorekebishwa kulingana na kipimo chake. Nasisitiza kipimo chake. Vile vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa barabarani hukuza kila kitu sawasawa, pamoja na irabu ambazo bibi anazisikia tayari, ndiyo maana huishia kabatini. Shimesikio nalo linataka subira ya wiki kadhaa, ubongo uzoee tena sauti ulizozikosa. Anza nalo sebuleni kabla ya kumpeleka nalo kanisani au sokoni.

Usiseme ni uzee tu. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 430 wenye upotevu wa kusikia unaohitaji msaada, na mzee asiyesikia hujitenga taratibu, anaacha vikao vya ukoo, na simu hapigi tena.

"Sikio linatoa usaha"

Kwa watoto ule mrija kati ya pua na sikio ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mafua huhamia sikioni kwa urahisi. Mtoto hulia usiku, anashika sikio, kisha ngoma hupasuka, usaha unatoka na maumivu yanapungua. Wazazi hudhani amepona. Tundu dogo huziba lenyewe mara nyingi, lakini usaha ukizidi siku 14 umekuwa sugu na kusikia kunapungua taratibu.

Nyumbani kazi ni moja, kukausha. Sokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, kiweke sikioni mpaka kilowe, toa, weka kingine, hadi kitoke kikavu, angalau mara tatu kwa siku. Akioga, maji yasiingie. Matone ya dawa yaandikwe na mhudumu aliyelitazama sikio, kwa kuwa baadhi hudhuru koklea ngoma ikiwa na tundu. Mafuta ya moto, maji ya kitunguu, mkojo na majimaji ya majani visiingie humo kamwe.

*Acha hapo:* uvimbe au maumivu kwenye mfupa nyuma ya sikio, sikio kusukumwa mbele, uso kupinda upande mmoja, homa na shingo kukakamaa, au usaha wenye harufu kali usiokoma. Uambukizi ukifika kwenye mfupa, ubongo uko jirani.

"Mtoto hageuki akiitwa"

Kwa mtoto wa shule anayeitwa mtoro wa akili, sababu ya kawaida ni nta au majimaji nyuma ya ngoma, na vyote hutibika. Mwalimu amkalishe mbele huku mzazi akimpeleka kupimwa.

Kwa mchanga, angalia hivi: sauti kubwa ya ghafla imshtue, na akifika miezi 6 ageuke kuifuata sauti. Simama nyuma yake asikuone, tikisa funguo taratibu upande mmoja. Usipige makofi wala kugonga kitanda, atahisi upepo na mtikisiko, nawe utadhani amesikia. Fikiria zaidi hitilafu ya koklea kama alipata manjano kali baada ya kuzaliwa, alizaliwa njiti, mama alipata rubela akiwa mjamzito, mtoto aliugua homa ya uti wa mgongo, au kuna viziwi katika ukoo.

Hajafikia umri wa kusema "nimesikia", lakini koklea yake inaweza kujieleza. David Kemp aligundua London mwaka 1978 kwamba koklea nzima, ikipokea sauti, hurudisha sauti hafifu ya kwake. Kifaa kidogo sikioni hunasa mwangwi huo mtoto akiwa amelala, kwa dakika chache tu na bila maumivu.

*Usingoje kabisa* baada ya homa ya uti wa mgongo. Koklea inaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache, na hapo hata kifaa cha kupandikiza huwa kigumu kuingia. Upandikizaji huo unafanyika nchini, Muhimbili, tangu mwaka 2017. Wakati taratibu zinaendelea, au kama hazitawezekana, familia ianze Lugha ya Alama mara moja. Miaka ya mwanzo ndiyo ya lugha, na ubongo wa mtoto unaipokea kwa macho vizuri kama kwa masikio.

Mawili ya haraka

*Masikio kuuma ukishuka.* Kutoka lango la Marangu hadi Moshi mjini unashuka karibu mita 1,000, na ndege ikitua KIA shinikizo hubadilika haraka zaidi. Meza mate mara kwa mara, au bana pua na upulize kwa upole mdomo ukiwa umefungwa. Kwa nguvu hapana, na ukiwa na mafua makali hapana pia. Mtoto apewe ziwa wakati wa kutua. Damu sikioni au maumivu yanayodumu zaidi ya siku ni ya daktari.

*Chumba kuzunguka ukijigeuza kitandani.* Kikidumu chini ya dakika moja, bila uziwi, huenda ni chembe za kalsiamu zilizohama mahali pake kwenye mfumo wa mizani. Mhudumu aliyefunzwa huzirudisha kwa kukugeuza kichwa kwa mpangilio, bila dawa. Kizunguzungu kinachoambatana na ulimi kuwa mzito, kuona viwili, mkono kulegea au kushindwa kutembea si cha sikio. Hicho chaweza kuwa kiharusi, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ukienda hospitali kwa lolote kati ya haya, beba dawa zote unazotumia na zile ulizochomwa karibuni, andika siku tatizo lilipoanza, na umwambie daktari mvumo ulivutwa upande gani.